Pongezi Zilizomtangulia Bi Marta

Nyie mnaoanza kazi maofisini siku hizi nakuoneni. Barua ya uteuzi haijakauka wino, mshaipiga picha mshairusha, na shangazi zenu wa Muscat nzima wanapiga vigelegele kwenye simu. Mimi huwa sisemi kitu. Naingia jikoni naguna peke yangu. Lakini mpwa wangu Rahma kaniomba nikuandikieni khabari za kazi yangu, na ati anataka ziwe za kutia moyo. Za kutia moyo waulizeni wengine. Miye nna hii moja, na haijaniacha tangu iliponipata.

Nilifanya kazi ya itifaki miaka mingi, hapa hapa Muscat, katika ubalozi wa jamhuri moja ya mbali. Jina lake silitaji, na halitakufaeni kitu. Itifaki ndiyo kazi ya kujua nani akae wapi, nani asalimiwe mwanzo, barua gani iende wizara gani, na mtu aitwe kwa cheo kipi. Watu hucheka, ati kazi gani hiyo ya kupanga viti. Mpangie mtu mzima kiti pasipo pake, kisha uje unieleze.

Alonifundisha ni Ustadh Khalfan, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa Unguja kama sie, mwembamba, miwani yake kaifunga uzi, na ananukia udi hata akitoka kwenye jua la saa saba. Hakuwa mtu wa kukusifu. Akikusifu ujue unakufa. Wiki yangu ya mwanzo alinipa orodha ya wageni niipige chapa, na ndani yake mlikuwa na jina la balozi mpya ambaye Rais wao kamteua siku zile. Nikaliandika juu kabisa, kwa wino, na "Mheshimiwa Balozi" mbele yake. Ustadh akaichukua ile karatasi akaichana vipande vinne mbele yangu.

"Huyu kaapa?" akaniuliza.

"Bado, lakini Rais wao kashamtaja."

"Rais kaposa tu, mwanangu. Posa si ndoa. Walii wa bibi arusi hajasema kitu."

Ndipo akanieleza. Katika jamhuri ile, Rais hamtumi balozi kwa kauli yake peke yake. Anateua jina, kisha jina linakwenda kwa baraza lao la seneti. Maseneta wanamwita yule mteule, wanamkalisha mbele yao, wanamuuliza maswali, kisha wanapiga kura. Na seneta mmoja tu akikasirika anaweza kuweka zuio, jina likalala pale mpaka likaota kuvu. Rais mwenyewe hana la kufanya ila kubembeleza.

"Jina la mteule liandike kwa kalamu ya risasi," akasema Ustadh. "Wino ni wa aliyeapa."

Nilimwona mzee anajitia ujuzi tu. Basi ngojeni khabari ya kinanda.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwanzo mwanzo. Rais wao akamteua rafiki yake, tajiri mmoja wa viwanda, awe balozi hapa. Yule bwana akajiamini, hata vyombo vyake akavitanguliza kwa meli. Ndani yake mna kinanda, kile kikubwa cha kupigwa kwa kukaa, kizito kama ng'ombe. Wachukuzi wanane walikiingiza nyumbani kwa balozi. Nyumba tuliipaka rangi, mapazia tukabadilisha, miye nikatarjumi maisha yake yote kwa Kiarabu, kasoma wapi, kamuoa nani. Tukangoja. Kumbe seneta mmoja kule kwao kaweka zuio, na wala hana ugomvi na yule bwana, hajapata hata kumuona. Yeye alikuwa anataka serikali imjengee daraja jimboni kwake. Daraja halikujengwa, na jina halikupita.

Neema, mpishi wa nyumba ile, Mtanzania wa Moshi, ndiye alopewa kazi ya kukifuta vumbi kile kinanda. Kila Jumamosi ananipigia simu ofisini: "Bi Zuwena, huyu mzee anakuja lini jamani? Hiki kinanda chake kitanizeesha." Nyumba tuliipaka rangi mara ya pili. Maisha yake nikayatarjumi tena, maana safari hii kashakuwa babu. Mwisho bwana mwenyewe akachoka, akajitoa, na kinanda kikarudishwa bandarini kimepasuka kwa joto. Ustadh Khalfan alitia saini karatasi za kukitoa, akanitazama juu ya miwani yake. Tangu siku hiyo nikanunua kalamu za risasi dazeni nzima.

Nakuchekesheni, lakini haya si ya kuchekesha. Ubalozi usio na balozi huongozwa na kaimu, na kaimu ni kaimu. Waziri hamuoni, anaonwa na wa chini yake. Kwenye shughuli anakaa mwisho wa safu. Barua yake inajibiwa ikipendwa. Na huku mabaharia wa jamhuri ile waloumia melini, au waloachwa na mwenye meli bila ya pasi, wanangoja mtu wa kuwasemea.

Kaimu wetu ndiye Bi Marta.

Huyu hakuwa rafiki wa Rais wala wa mtu yeyote mkubwa. Mtoto wa mlinzi wa reli, alijisomesha, akapanda ngazi moja moja, akaja kwetu akiwa naibu. Mrefu, viatu vya ngozi vilivyochakaa, nywele kazibana kwa kibanio cha duka la vitu vya rejareja. Mara mbili alikuwa kaimu, muda mrefu mrefu, anafanya kazi yote ya balozi bila ya jina la ubalozi. Kiswahili alifundishwa na miye, ndani ya gari, baina ya Al Khuwair na Maskati ya zamani tukienda wizarani, maana foleni ile ilitosha kumfundisha mtu lugha tatu. Basi akawa anasema Kiswahili changu kama kilivyo. "Zuwena, nna njaa." Wanawake wetu wakimsikia wanaanguka kwa vicheko, nao wakampenda.

Mama yangu alipofariki, Bi Marta alikuja siku ya mwanzo akakaa mkekani na wanawake. Nikadhani atakaa nusu saa kama wazungu wengine, atoe mkono, ende zake. Alikaa siku zote tatu. Alimenya vitunguu thomu mpaka vidole vikamwiva. Hilo silisahau, na ndilo linaloniuma zaidi.

Ustadh Khalfan akastaafu kwa ajili ya magoti, nikakalia kiti chake. Nami, kusema kweli, kichwa kikanivimba. Nikawa nawafundisha wengine khabari za kalamu ya risasi kana kwamba nimeivumbua miye.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, siku moja asubuhi faksi ikaleta karatasi. Rais wao kamteua Bi Marta awe balozi, hapa hapa Oman. Nilimpelekea mwenyewe. Aliisoma kasimama, kisha akafunga mlango, na sote nje tukamsikia analia. Kwa watu wa kazi kama yeye bahati hiyo huja mara moja. Umri wake wa kustaafu ulikuwa karibu. Asipoupata ubalozi ule, basi anakwenda zake nyumbani akiwa naibu mpaka kufa.

Akatoka macho mekundu, akatuambia: "Hakuna sherehe. Hakuna mtu kuniita Balozi. Maseneta hawapendi mtu kujitwalia cheo kabla hawajampa. Ngojeni nirudi nimeapa." Na alosambaza waraka wa maneno hayo kwa wafanyakazi wote nani? Miye.

Ijumaa ile tulikuwa Qantab, ukoo mzima, wanaume wanachoma samaki, wanawake tumetandika chini ya kivuli cha mwamba. Binamu yangu Asila, ambaye mumewe ana cheo kizuri wizarani na ulimi wake hauna likizo, akanikabili.

"We Zuwena, mwenzetu kapata kheri, mbona kimya?"

"Bado hajathibitishwa."

"Bado nini? Rais wao si kasema?"

"Kasema, lakini kuna baraza lazima likubali."

"Loo! Rais aseme kisha watu wabishe? Nchi gani hiyo!" Wote wakacheka. "Mtu alomenya thomu kwenye msiba wa mama yako, leo tumnyamazie? Watu watasema tuna husda."

Nyie mnajua desturi yetu. Mtu akipata cheo, jamaa na marafiki wanamtolea tahania gazetini, picha yake na maneno ya pongezi, na asiyetoa huonekana kakasirika. Na kwetu amri ikitoka asubuhi, adhuhuri watu washafika na halwa. Hatukuzoea jambo la mkubwa kusema kisha mtu wa chini akasema hapana. Kichwa changu kilijua kuwa kule kwao ni vingine. Miye ndo wa kinanda, nani ajue zaidi yangu? Lakini moyo ulikuwa wa Kimaskati, na moyo ulitaka kumlipa wema wake mbele ya watu.

Nikayaandika maneno miye mwenyewe, kwa Kiarabu cha hali ya juu, nikamwita Saadat as-Safira, yaani Mheshimiwa Balozi. Nikayasoma tena na tena kwa raha. Ikabaki picha. Picha alizokuwa nazo Asila, zote Bi Marta anatafuna mishkaki. Na kwenye droo yangu ofisini mlikuwa na picha yake rasmi, ilopigwa studio Ruwi kwa ajili ya uteuzi. Zilitolewa nakala mbili tu. Moja ilikwenda na faili lake kwa maseneta. Ya pili nilikuwa nimeiweka kwa faili la kasri ya Sultani, kwa siku atakayokwenda kuwasilisha hati zake. Jumamosi asubuhi dereva wa Asila akaja kuichukua, alasiri akairudisha. Ilikaa nje saa chache tu, nikairudisha drooni nikafunga ufunguo. Nilijiona hodari.

Tahania ikatoka kwa rangi, robo ya ukurasa. Nilinunua magazeti matano.

Saa tatu Bi Marta akaniita. Gazeti lilikuwa mezani kwake, na uso wake umekauka.

"Zuwena, nani kafanya hili?"

"Wanawake wenzetu, Bibi. Furaha tu. Si unaijua desturi."

"Naijua. Picha wameipata wapi?"

Wanangu, jawabu nilikuwa nalo mdomoni. Maneno mawili tu: nimewapa miye. Angelinikaripia, pengine angenuna siku mbili. Lakini niliona haya. Miye, mkuu wa itifaki, niloandika waraka kwa mkono wangu kuwa mtu asimwite Balozi!

"Wanazo picha zako tele, Bibi," nikasema. "Si wanapiga kila tukikaa."

Akaitazama. Gazeti limeikata mabega, rangi zimechuja, na Bi Marta hakuwa mwanamke wa kujitazama kwenye picha. Akaniamini. Nilikuwa sijapata kumdanganya, kwa nini asiniamini?

"Basi lazima niwaarifu miye kabla hawajaambiwa na wengine," akasema. Alikuwa mtu wa hivyo, jambo lake halilali. "Kaa uandike."

Nikakaa kwenye kompyuta, yeye anasema nami napiga. Kuwa marafiki zake wa Muscat, kwa mila zao, wametoa pongezi kabla ya wakati. Kuwa anasikitika. Kuwa ubalozi huu haukuhusika kwa namna yoyote. Vidole vikasita.

"Tuandike 'kwa namna yoyote', Bibi? Au tuseme 'kwa ninavyojua'?"

Akageuka kunitazama. "Kwa nini? Kuna nisilolijua?"

"Hamna, Bibi."

Nikapiga: kwa namna yoyote. Nikaichapisha, akatia saini yake kwa wino, nikaipeleka miye mwenyewe kwa faksi. Mpaka leo nikiukumbuka ule mwanga mdogo wa kijani wa mashine, nasikia baridi.

Akasafiri kwenda kuhojiwa. Siku ya pili yake asubuhi yalipoanza kuingia maandishi ya kikao kizima, nilisimama mbele ya faksi naipokea karatasi moja moja, ya moto, inajikunja. Mwanzo alikuwa anajibu vizuri, Mungu anajua. Mabaharia, biashara, bandari, kila kitu anacho. Nikaanza kutabasamu peke yangu. Kisha likaja jina la seneta mmoja mzee, wa chama kisichopatana na Rais.

Kaonyesha gazeti. Kamuuliza Bi Marta kama ameshajipa cheo mwenyewe. Bi Marta kajibu kwa adabu, kuwa ni marafiki, na kuwa ameshaliarifu baraza kwa barua. Seneta kasoma barua kwa sauti, na lile neno "kwa namna yoyote" kalirudia. Kisha kafunua faili la uteuzi lililokuwa mbele yake.

"Picha hii ya gazetini na hii ya kwenye faili langu ni moja," kasema. "Zilitolewa nakala ngapi?"

"Mbili," kajibu Bi Marta.

"Moja ninayo miye. Ya pili iko wapi?"

Chini yake mwandishi wa kikao kaandika ndani ya mabano: Mteule hakujibu.

Masikini, ndipo hapo alipoijua ile picha, mbele ya watu wote wale. Nilikaa chini sakafuni, na karatasi zinaendelea kuniangukia mapajani.

Mchana ule nikenda kwa Ustadh Khalfan, nyumbani kwake Al Khuwair, nikamkuta magoti kayafunga kitambaa cha mafuta. Nikamweleza yote. Nilitaka anitukane. Hakunitukana.

"Wamempa muda wa kujieleza?"

"Wiki moja. Kwa maandishi."

"Basi andika weye, kwa jina lako. Sema picha nimetoa miye, yeye hakujua, barua aliandika kwa kuniamini miye. Ipeleke leo."

"Ntafukuzwa, Ustadh."

"Utafukuzwa," akasema. "Kisha?"

Nikarudi ofisini nikaiandika. Barua nzuri, fupi, nikatia saini. Nikaiweka kwenye mashine, nikapiga namba zote, ikabaki kubonyeza kile kifungo kimoja. Nikamfikiria Asila atavyosema. Nikawafikiria wale ninaowafundisha. Nikajiambia, ana sifa zote huyu, watampitisha tu, kwa nini nijichome bure? Nikaitoa barua. Nikasema kesho. Kesho yake nikaiweka tena, nikaitoa tena. Siku saba nilifanya mchezo huo, wanangu, mpaka karatasi ikachakaa pembeni.

Na Bi Marta? Alipiga simu mara moja tu, sauti yake imechoka. "Zuwena, ile picha ya droo ipo?" Nikamwambia ipo, na kweli ilikuwepo. Akasema ahsante. Kisha akaliandikia baraza kuwa hajui picha ilitokaje, na kuwa yeye ndiye mkuu wa ofisi ile na dhamana ni yake. Hakumtaja mtu.

Seneta akaweka zuio. Miezi ikapita. Baraza likafunga kikao chake cha mwaka, na majina yote yasiyopigiwa kura yakarudishwa kwa Rais, ndivyo kanuni yao ilivyo. Rais naye muda wake ukaisha, akaja mwengine na orodha yake. Jina la Bi Marta halikuwemo.

Alokuja baada yake, nikurukieni mbele kidogo, alikuwa bwana mmoja mchangamfu alopitishwa mchana mmoja, pamoja na wenzake tisa, bila ya swali hata moja. Faili lake la kasri nililitengeneza miye. Nilitoa picha ya Bi Marta kwenye lile jalada nikatia yake. Siku ya kuwasilisha hati nikampeleka mpaka kasrini, Maskati ya zamani, nikamweleza atembee vipi, asimame wapi, na kila kitu kikenda sawa. Aliniambia hajapata kuona itifaki nzuri kama ile. Nikamwambia ahsante, Mheshimiwa.

Bi Marta alirudi wiki mbili tu, kufunga vitu vyake. Nilimwendea nyumbani. Neema alikuwa anazungushia vikombe magazeti, akatutazama, akajua, akachukua vikombe vyake akaingia jikoni. Nikamwambia Bi Marta kila kitu. Droo, dereva wa Asila, barua niloandika nisiipeleke. Nilisema nimesimama, naye kakaa juu ya sanduku.

Alipoanza kusema alisema pole pole, kwa Kiswahili changu kile kile.

"Ungenambia siku ile ya gazeti, ningewaandikia: ofisini kwangu kuna mtu ananipenda, kakosea, nisameheni. Wangecheka, Zuwena. Yule mzee mwenyewe angecheka. Kisha wangepiga kura."

"Najua, Bibi."

"Kwa nini hukunambia?"

"Niliona haya."

"Haya," akasema. Akaitazama mikono yake. "Basi."

Nikamwambia kesho ntapeleka barua ya kuacha kazi. Akatikisa kichwa. "Usiache. Anakuja mgeni, hajui kitu. Atahitaji mtu wa kumwonyesha njia." Afadhali angenipiga kibao.

Sie tukiagana safari ya mbali tunaombana radhi. Huyu anasema niwie radhi, na yule anajibu nshakuwia, maana hatujui nani atarudi na nani hatorudi. Bi Marta alilijua hilo. Miaka yote ile, kila akisafiri, alikuwa yeye wa mwanzo kuniambia, tena kwa kicheko, na nikichelewa kumjibu ananidai.

Siku ya kuondoka nilimpeleka Sib, uwanja wa ndege, nikamshushia mizigo. Akafungua mkoba, akanipa miwani iliyofungwa kwa kitambaa. "Ya yule baharia aliye hospitali," akasema. "Kaiacha ofisini. Hasomi bila yake, mpelekee leo." Nikaipokea. Watu wanapita na matoroli, mlango unafunguka na kufungwa.

"Bi Marta," nikasema, "niwie radhi."

Akanitazama sana. Akanipa mkono, akaushika wangu kwa muda, hata nikaona lile neno linakuja. Kisha akasema, "Kwa heri, Zuwena," akaingia. Nilisimama pale na miwani ya watu mkononi mpaka askari akaniambia niondoe gari.

Nilifanya kazi miaka mingine mingi, na nilistaafu kwa karamu na sahani ya fedha. Bi Marta yu hai, kule kwao, kwenye nyumba ndogo karibu na reli. Tunaandikiana. Kila Idi nampelekea barua ya mkono, si ya simu, na kila mara mwisho wake naandika neno lile lile, niwie radhi. Hujibu. Anauliza khabari za watoto wangu, za Neema, kama mvua imenyesha. Anaandika kurasa mbili, tatu, kwa Kiswahili kizuri kabisa. Neno lile tu, nshakuwia, hajaliandika, na siku hizi mkono wake umeanza kutetemeka.

Barua yake ikija sikai hata chini. Naifungua pale pale mlangoni, naisoma kuanzia mwisho.